Kilo Mbili za Ubatizo

Mukamazimpaka alivua buti, akapanda mizani ya depo ya maharagwe, akasubiri namba zitulie. Tisini na saba nukta sita. Akashuka, akafuta nyayo zake kwa ncha ya kitenge, akapanda tena. Namba haikubadilika.

"Ijumaa ilikuwa ngapi?" aliuliza Ndayambaje, mpimaji, aliyeshika kazi hiyo baada ya marehemu Munyakazi, mume wa Mukamazimpaka.

"Tisini na tano nukta mbili."

"Aye, Mama Victoire! Siku tatu, kilo mbili na zaidi? Huko kwa ubatizo ulimeza mutoto mwenyewe?"

Mukamazimpaka alivaa buti zake akihesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi.

Munyakazi alikuwa mtu wa utani hata kitandani pa ugonjwa. Siku moja alimwona mkewe anasugua goti, akamwambia, "Wewe, kaburini kwangu utaletwa na chukudu, kama gunia ya viazi." Wakaicheka wote wawili picha ya mwanamke aliyefungwa kamba juu ya kigari hicho cha mbao cha kusukuma, mpaka kikohozi kikamkatiza mgonjwa. Wiki tatu baadaye walimzika Kibumba, katika shamba la baba yake, juu ya mteremko wa mawe ya volkano. Mukamazimpaka alipandishwa na wanaume wawili, mmoja kila kwapa. Hilo hakulisahau. Watu waliona machozi, wakadhani yote ni ya msiba.

Jumamosi mwaka ulikuwa unatimia tangu mazishi, na msalaba wa simenti ungesimamishwa kaburini. Alitaka kupanda kwa miguu yake. Fabiola, muuguzi wa zahanati ya mtaa aliyekuwa akilitibu goti lake, alimpa sharti: "Shuka chini ya kilo tisini na tano, upande. Usiposhuka, ubaki barabarani." Alianza na mia moja na nne. Kwa miezi mitano aliacha soda, akakata nusu ya fufu, ule ugali wa muhogo, na kila asubuhi alitembea mpaka soko la Kituku kununua samaki badala ya kuagiza. Kilo karibu tisa zilikuwa zimeondoka, moja moja, kama wageni wasiotaka kuaga.

Na sasa hii. Shemeji yake Mbarushimana aliposikia, alipiga simu. "Usijali, shemeji. Chukudu iko. Tutakufunga kamba vizuri."

Jumatatu hiyo hakula kitu. Jumanne alikuja depo na kizunguzungu cha njaa, akaketi juu ya magunia matupu. Hapo ndipo mwanamke mmoja mchuuzi alipoingiza gunia lake la maharagwe, lililonyeshewa njia nzima kutoka Rutshuru. Mizani ikasema mia moja na sita. Ndayambaje akachukua kalamu.

"Ngoja," alisema Mukamazimpaka.

Aliinuka, akatumbukiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka ishirini. Akatoa punje moja, akaiuma. Haragwe kavu hulia chini ya jino. Hili lilinyamaza, likabaki na alama ya jino.

"Hii ni maji, mama. Anika kwanza, tutapima kesho."

"Lakini mizani imesema!"

"Mizani haidanganyi, lakini haielezi."

Maneno hayo yalikuwa ya Munyakazi. Yalimtoka yenyewe, naye akabaki na haragwe mdomoni, akitazama miguu yake. Pale mdomo wa buti ulipogusa, palikuwa na mfereji ulioingia nyamani. Akakumbuka Jumapili ya ubatizo: sahani mbili za samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, fufu isiyokatwa nusu, na kiu iliyomwamsha mara tatu.

"Ndayambaje," alisema polepole, "na mimi nilinyeshewa."

Huko zahanati Fabiola alimbonyeza kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. "Chumvi inashika maji. Na fufu pia, ukiirudia kwa wingi baada ya kuipunguza. Mafuta ya kilo mbili hayajengwi na karamu moja. Lakini hii ya kukaa bila kula, nani alikufundisha? Nenda ukule, mama. Pima kila asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai, kitenge kile kile. Na uandike."

Alikula mboga ya lengalenga na viazi viwili, akapunguza chumvi. Jumatano ilikuwa tisini na sita nukta tisa. Alhamisi, tisini na sita. Ijumaa, tisini na tano nukta moja. Akabeba daftari mpaka zahanati.

"Bado gramu mia," alisema Fabiola. "Sharti ni sharti."

Miezi mitano iliyopita angeinamisha kichwa. Sasa alilifungua daftari mezani na kuweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Usisome ya leo peke yake. Soma kutoka hapa. Inapanda, inashuka, inapanda, lakini tazama inakokwenda. Gramu mia ni nusu glasi ya maji, Fabiola. Nikienda chooni mara moja tu, nitakuwa nimetimiza sharti lako. Utanizuia kwenda kwa mume wangu kwa sababu ya choo?"

Fabiola alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akalikunja goti, akalikunjua, akalisikiliza. "Halijavimba. Panda. Polepole, na upumzike njiani."

Jumamosi, barabarani Kibumba, Mbarushimana alikuwa amesimama kando ya chukudu, kamba mkononi, akitabasamu. Mukamazimpaka alimpa mkoba wake. "Funga huo," alisema, akaanza kupanda.

Alipumzika mara nne. Wanaume wawili walinyoosha mikono, aliwashukuru, hakuishika. Walipofika juu, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Aliweka kiganja juu ya simenti mpya ya msalaba, akavuta pumzi.

"Munyakazi," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "gunia yako imefika. Haikuletwa na mutu."