Kibali cha Kulungu

Tulikuwa tumeshauacha mpaka wa Dakota Kaskazini nyuma yetu ndipo Britta alipoacha kulia. Godoro lake lilikuwa linapigapiga nyuma ya pikapu yangu. Katikati yetu kulikuwa na boksi la nyama ya kulungu iliyoganda, ambalo baba yake alilipakia kwa nguvu wakati sisi tunakataa.

"Mjomba, ukisimama tena mimi narudi," aliniambia.

"Basi sisimami."

Nimezunguka majimbo mengi, nikichimba mafuta, nikivuna ngano za watu, nikiendesha malori, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni mkazi wa wapi. Britta, mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye aliyenionyesha kwamba swali hilo lina bei. Alitaka kusomea misitu katika chuo kikuu cha jimbo kule Montana nilikokuwa nakaa. Kwao hakuna msitu, ni ngano na upepo tu. Mkazi wa jimbo hulipa ada ambayo mshahara wa kiwanda cha mbao unaweza kuifikia. Mtu wa kutoka nje hulipa mara tatu, na shamba la baba yake, Verlyn, lilikuwa limeshakwenda benki. Kwa hiyo njia ilikuwa moja: akae kwangu mwaka mzima, ajitegemee kwa kazi ya kiwanda hicho, ahamishe kila kitu chake, ndipo aombe kuhesabiwa mkazi.

Alihamisha kila kitu. Leseni, namba za gari, kura, kodi. Verlyn alipomtumia hela za matairi ya theluji akazirudisha, maana anayetunzwa na baba huhesabiwa kwa baba. Verlyn akanipigia simu.

"Shemeji, mtoto ananirudishia hela kama mimi mwizi."

"Ndiyo sheria yao, shemeji."

"Sheria gani inamkataza mtu kumnunulia mwanawe tairi? Na nyama nayo ni kosa?"

"Nyama lete. Nyama naila mimi."

Alicheka, lakini si sana.

Novemba Britta alikwenda kwao kwa ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu. Tangu alipokuwa na umri wa kushika bunduki, Verlyn humwombea kibali kila kiangazi pamoja na chake, kisha humwekea kando ya sahani ya mayai asubuhi ya siku ya kwanza. Si mtu wa kusema nakupenda. Huweka kibali. Britta akakitia mfukoni kama miaka yote, akampiga dume kubwa pembeni mwa shamba la alizeti, akarudi kwangu uso umechangamka kuliko siku zote za mwaka ule.

Aprili mwaka ukatimia. Nikamsindikiza chuoni. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja mcheshi, Bi Pruett, akapitia karatasi zake moja moja huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Britta alikuwa amevaa kofia yake ya kuwindia, ya rangi ya chungwa.

"Kumbe mwindaji mwenzetu! Msimu huu ulipata?"

"Nilipata. Dume lenye pembe za ncha kumi."

"Acha uongo! Mume wangu alirudi na mafua tu. Ulimpata wapi?"

"Nyumbani, Dakota."

Kalamu ya Bi Pruett ikasimama. "Mgeni kupata kibali kule ni kazi. Wewe ulipataje?"

"Baba huniombea kila mwaka."

"Anakuombea kama mkazi?"

Britta akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mwanangu," Bi Pruett akasema kwa sauti ya chini, "kwa nini umeniambia?"

Hakuwa na la kufanya. Anayechukua kibali cha mkazi kwingine amekiri kwamba kwao ni huko, na mwaka wake huanza upya.

Ndani ya pikapu Britta alisema, "Baba asijue."

"Atauliza."

"Mwambie nimeshindwa mtihani."

"Atasema wewe mjinga."

"Afadhali aseme hivyo."

Nikamwambia Verlyn hivyo, naye akasema hivyo. Britta akampigia kumwambia msimu ujao haji kuwinda, ana kazi nyingi, akadhani hilo limekwisha. Lakini Verlyn aliomba tu kibali, kwa jina la Britta, kama mkazi, labda binti angebadili mawazo. Oktoba kikafika kwangu kwa posta, na kikaratasi kimebandikwa: *Ukipata nafasi.*

Hata bila kutumiwa, kibali hicho kilimhesabu mkazi wa kwao, mwaka wa pili nao ukavunjika, na Britta hakuanza kuhesabu wa tatu. Bado yuko kile kiwanda cha mbao, anapanga magogo ya miti ambayo alitaka kuisomea. Verlyn alifariki kwa ugonjwa wa moyo majira ya baridi yaliyofuata, bila kuambiwa ukweli. Bunduki zake zilinunuliwa na jirani. Bi Pruett amestaafu. Mimi niliuza nyumba yangu ya bati nikahamia Nevada, na huku pia hakuna aliyeniuliza kitu.