Kutulia kwa Haraka

Kitambaa cha gauni la harusi la wifi yake kilikuwa kimelala mezani tangu asubuhi, na fundi alikuwa anakizunguka tu, kama paka anayemzunguka samaki wa moto. Kilikuwa mahameli ya rangi ya maziwa, nzito, shangazi ndiye aliyekileta kutoka safari ya mbali, na madukani hakikuwa na mwenzake. Kukikosea ni mara moja tu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Wiki iliyopita alikuwa amekata koti la mteja akasahau kugeuza karatasi ya kipimo. Ikatoka mikono miwili, yote ya kushoto. Mteja alicheka, akasamehe, kitambaa kingine kikapatikana. Vidole vya fundi ndivyo havikusamehe. Tangu siku hiyo, akishika mkasi vinatetemeka, na alikuwa ameshaamua moyoni: leo akishindwa, mahameli anaipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na yeye anarudi kupinda suruali za watu mpaka azeeke.

"Kwani mwenye mikono miwili ya kushoto hana haki ya kuvaa koti?" alisema mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi mkekani akifumua mshono, huku mjukuu wake akimpanda mapajani. "Mtafute, umuuzie."

"Mama, usinichekeshe, nitalia."

"Lia huku unacheka, umalize yote kwa pamoja."

Fundi akakumbuka muuguzi wa kliniki ya watoto, aliyewafundisha kina mama pale kwenye mabenchi wakisubiri kupima uzito. Simama. Sikia nyayo zako zinavyoigusa sakafu. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Kisha sikiliza tu kilichopo. Mawazo yakija usigombane nayo, yaache yapite, urudi kwenye pumzi.

Akafumba macho. Akavuta, akatoa, akavuta, akatoa, akafumbua, akanyakua mkasi. Vidole vikatetemeka vilevile.

"Haifanyi kazi."

"Itafanyaje? Unapumua kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Hata kutulia unakutaka kwa haraka."

"Nina kazi, mama."

"Kazi haina miguu, haikimbii. Hebu nifundishe na mimi. Magoti yangu yana mawazo kukushinda." Akainuka kwa kuguna, akambeba mtoto mgongoni, akamfunga vizuri kwa mtandio. "Na huyu mke mwenzangu aje pia, asije akasema tumemtenga."

Wakasimama mezani, mmoja huku, mwingine kule.

"Mikono naiweka wapi?"

Hilo muuguzi hakulisema. "Weka juu ya kitambaa," fundi alibuni, naye akaweka yake, wote wakafumba macho.

Mwanzoni alisikia fujo ya kichwa chake tu: gauni limeharibika, wifi analia, ukumbi mzima unanong'ona. Akayaacha yapite. Yakarudi. Akayaacha tena. Kisha akasikia pasi ikipoa, tik, tik. Akasikia jirani akiburuta kiti, mtoto akinyonya ngumi yake, pua ya mama mkwe ikipiga mluzi mwembamba. Pumzi ikashuka yenyewe mpaka tumboni, na kitu kilichokuwa kimekaza katikati ya mabega kikalegea. Si chote, lakini kililegea.

Ndipo kiganja chake kikasema na mahameli. Akikishusha, inateleza, akikipandisha, inakataa, kwa kuwa manyoya yake yamelalia upande mmoja. Akafumbua macho, akaitazama karatasi ya mkono wa kushoto iliyokuwa kando ya kidole chake. Ilikuwa imelala kichwa chini. Asubuhi alipanga vipande vya karatasi, vingine juu vingine chini, ili mkia mrefu wa gauni upate nafasi, na hofu haikumwachia jicho la kuona. Angekata hivyo, mkono mmoja ungeng'aa kwenye mwanga, mwingine ungeingia kivuli, bibi harusi avae rangi mbili.

Akaigeuza. Kitambaa kikawa hakitoshi tena. Akampigia wifi yake simu.

"Wifi, nikikikata vizuri, mkia haupo."

"Haupo kabisa?"

"Kabisa. Labda ukubali kila mkono uwe na rangi yake."

"Achana na mkia. Naolewa, sigeuki mjusi. Ila wewe wifi yangu uko sawa? Mama kaniambia huli."

"Nakula."

"Mwongo huyo," alisema mama mkwe kwa sauti ya kusikika simuni, macho bado kayafumba. Huko upande wa pili wifi akacheka mpaka fundi akacheka naye.

Akashika mkasi. Vidole vilitetemeka, kidogo tu. Safari hii hakuvigombeza. Alizisikia nyayo zake sakafuni, akatoa pumzi ndefu, na pumzi ilipokuwa ikitoka, mkasi ukaingia. Mahameli ikafunguka kwa sauti ndogo, nzuri. Akaenda nayo taratibu, akafika kwenye kona, akapumzika, akaendelea.

Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, shavu limebonyea. Mama mkwe hakuwa ametoa viganja mezani wala kufumbua macho.

"Haya, mwanangu, nimetulia mpaka basi. Tunaanza lini kukata?"

"Nimeshafika kwenye kwapa, mama. Baki hivyohivyo, unanishikia kitambaa."