Mpira wa Karibu na Wavu

Mke wangu na dada yangu wanapendana kuliko wanavyonipenda mimi, na hilo silisemi kwa utani. Wifi hapa, wifi pale. Dada ndiye aliyenitambulisha kwake, maana walikuwa timu moja ya mpira wa wavu: dada anainua mpira, mwenzake anaupiga. Kazi yao hiyo ndiyo iliyotulisha wote, kwa sababu mimi ni fundi makochi, na watu siku hizi wanakalia plastiki.

Msimu huu goti la kulia la mke wangu likagoma. Nyumbani hakuweza kuficha. Asubuhi alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Kazini alificha. Mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu, na ulikuwa na kipengele kimoja cha roho mbaya: anayeficha jeraha atajitibu mwenyewe. Nilimsihi aseme. Akanijibu kwamba mpigaji wa umri wake haambiwi apumzike, anaambiwa kwaheri.

Dada akamtafutia njia. Badala ya kuinua mpira juu na kuuacha mbali kidogo na wavu, kama inavyotakiwa, akawa anamwekea wa chini, karibu kabisa na wavu. Mpira wa namna hiyo hauhitaji mbio ndefu wala kuruka sana, unausukuma tu upande wa pili. Kocha alipogomba, dada alisingizia mikono yenye jasho. Jioni walikaa mezani kwetu wakicheka kama wezi waliofanikiwa. Mpigaji anayerukia kwenye wavu hutua chini ya wavu, na chini ya wavu kuna miguu ya watu. Niliwaambia. Nikaambiwa nirudi kwenye sponji zangu.

Katika mechi ya mwisho nilikaa nyuma ya refa. Dada akauinua mpira, ukakaa juu ya wavu kabisa. Mke wangu akaruka, akausukuma, ukaanguka sakafuni kwa wapinzani. Watu ndiyo kwanza wanaanza kushangilia pointi, akatua juu ya kiatu cha mzuiaji wa upande wa pili, goti likapinda kule ambako goti halipindi. Nilimsikia akipiga ukelele. Nilifika uwanjani kabla ya machela, sijui nilipitia wapi.

Kocha alikuja wodini akiwa bado na filimbi shingoni. Hakuzunguka. Alimuuliza dada kwa nini mpira ulikuwa karibu vile. Sote tulijua uzito wa swali hilo. Likiwa kosa la mwinuaji, ni ajali ya kazini: timu inagharamia upasuaji, mwinuaji anafukuzwa. Mpigaji akiwa ameficha goti, atajijua mwenyewe.

"Mikono iliteleza," dada akasema. "Kosa ni langu."

Nilitaka yaishie hapo. Ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na nilitaka afukuzwe ili mke wangu apate mguu. Nilimkazia mke wangu macho anyamaze.

"Anakudanganya, kocha," mke wangu akasema. "Mpira ule niliuomba mimi. Goti ni bovu tangu msimu unaanza."

Kocha akampa pole, akasema habari hizo lazima azifikishe kwa viongozi, akatoka. Dada akainamisha uso kwenye shuka, akalia kwa sauti. Mimi nilitoka nje kwa hasira, sikujua nimkasirikie nani.

Upasuaji haukufanyika. Mke wangu sasa anatembea kwa magongo, na pale hospitali walishamwambia kwamba habari ya kuruka aisahau. Dada alipewa onyo, akabaki kwenye timu. Kila akitoka mazoezini hupitia kwetu kumkanda wifi yake goti kwa maji ya moto. Huwasengenya majirani mpaka maji yapoe, lakini mpira hautajwi.

Jana ulitajwa. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyeuliza habari za msichana aliyechukua nafasi yake. Dada akasema ni mwepesi, ana mkono mzito, ila goti la kushoto analishikashika akidhani hakuna anayemwona.

"Amekuomba kitu?"

Dada akakamua kitambaa kwa muda mrefu. "Ameomba wa karibu."

Mke wangu akausogeza mkono wa dada, akajiinua kwenye kiti mpaka wakatazamana.

"Mnyime. Akilia, mwache alie. Halafu mshike mkono umpeleke kwa kocha wewe mwenyewe."

"Watamfukuza, wifi."

"Najua. Atatoka kwa miguu yake."