Mawe ya Msingi Yaliyochoka Kungoja

Usiku wa jana niliota nimo kwenye foleni ya kupiga kura, ingawa mchana nilikuwa nimemwapia mke wangu, Nakijwa, kwamba mimi na kura basi. Nakijwa ana mimba ya miezi tisa. Zahanati iko ng'ambo ya mto, masika yamekaza, na daraja tumeahidiwa chaguzi tano sasa. Kila uchaguzi mgombea huja na viti, soda na jiwe la msingi, akakata utepe, akaenda zake. Mawe tunayo matano. Moja tunanolea mapanga, jingine tunafungia mbuzi.

Ndotoni karani wa kituo alikuwa lile jiwe la mapanga. Limekaa kitini, kitambulisho shingoni, ingawa shingo yenyewe sikuiona.

"Unataka nini?" likaniuliza.

"Daraja."

"Umeliomba mara ngapi?"

"Mara tano."

"Basi muulize uliyemwomba," likasema, likanionyesha sanduku la kura.

Sanduku lilikuwa limenuna. Nikaliuliza zile kura zangu tano lilizipeleka wapi.

"Ninazo, Bwana Mbonea. Kila mara umeniambia daraja. Nami sikumwambia mtu hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Kura ni siri. Imeandikwa hapo ukutani."

Nikatazama ukutani. Kweli imeandikwa. Mtumishi anayefuata kanuni huwezi kumlaumu, lakini nilikasirika. Miaka ishirini na mitano nimekuwa nikilinong'oneza sanduku lisilosema.

"Sasa mke wangu akishikwa na uchungu nimpitishe wapi?"

"Hayo si yangu. Yangu ni kutunza. Ingia kwenye kituturi upige kura yako, wenzako wanangoja."

Nafungua pazia la kituturi. Ndani hakuna meza wala kalamu. Kuna mto, umejaa, maji rangi ya udongo. Nageuka nyuma na kuona mawe yote matano yamenifuata kwa foleni. Lile la mbuzi limekuja na mbuzi wake.

"Tumechoka," linasema la mapanga. "Kuitwa msingi na juu yako hakuna kitu ni aibu. Kokoto wetu wanatuuliza tunabeba nini, tuwajibu nini?"

Linaingia majini, linalala chali, jina la mheshimiwa wake likitazama mawingu. La pili linafuata, kisha la tatu, kisha mengine. Nayahesabu huku nimeshika kichwa, maana mto wetu unataka mawe sita.

Hapo anatokea mgombea wa mwaka huu, kavaa suti ya kijivu, na jiwe lake jipya juu ya mkokoteni. Anapeleka makasi kwenye utepe.

"Ndugu wananchi," anaanza.

"Samahani, mheshimiwa, nina kazi," jiwe linamwambia. Linateremka mkokotenini na kuingia mtoni.

Mgombea anabaki na makasi. Ananiuliza sasa akate nini. Namwambia akate kucha.

Lile jiwe jipya linachezacheza kwenye mchanga. Naikunja karatasi yangu ya kura mara mbili kama kanuni inavyotaka, naisukumia chini ya jiwe, nalo linatulia. Ni mara ya kwanza kura yangu kushikilia kitu. Moyo umekuwa mwepesi mpaka naimba, na mimi si mwimbaji.

Nilizinduka Nakijwa akinitikisa bega. Kulikuwa kumepambazuka.

"Unaimba nini wewe, na mimi uchungu umeanza? Nimempigia Nesi Namsifu. Kasema anakuja."

"Atakujaje na mto ulivyofura?"

Kabla hajanijibu hodi ikapigwa. Nilifungua mlango nikamkuta Nesi Namsifu wa zahanati ya ng'ambo, mwavuli mkononi, begi begani. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vikavu, na soksi pia.

"Bwana Mbonea, usinitumbulie macho. Chemsha maji."

"Umevukia wapi, Nesi?"

"Si hapo penye mawe," alisema, akinipita kwenda chumbani. "Hayo yenye majina ya waheshimiwa. Nimewakanyaga mmoja mmoja mpaka huku. Nilidhani mmeyapanga wenyewe."

Niliketi kizingitini nikacheka peke yangu, hofu yote ya masika imenitoka. Kisha nikaenda kuwasha moto.