Kisu cha Mzee Awale

Mtaa mzima wa Ziwani ulijua desturi yetu: ukiwa na sherehe, mbuzi anachinjwa na Mzee Awale, jirani yetu Mwislamu. Sisi Wakristo tunakula, nao Waislamu wanakula, sufuria moja. Alituchinjia nilipobatizwa, akatuchinjia tulipomzika baba. Kwa hivyo siku moja kabla ya harusi yangu, mwaka wa 1984, alikuja mchana na kisu chake bila hata kukumbushwa.

Kaka yangu Ndung'u akashika kamba ya mbuzi.

"Akichinja huyu, mimi sili. Na kesho tafuta mwingine wa kukupeleka kanisani."

Nilidhani ni mzaha. Ndung'u huyu, aliyekulia jikoni kwa Mama Batulo, mke wa Mzee Awale, hadi akajua kuomba chai kwa Kisomali!

"Umelewa?"

"Nimeokoka, Tere. Nyama yao imetolewa kwa sanamu. Maingi ametufundisha."

Huyo Maingi alikuwa mhubiri mwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Burma. Ndung'u alipofutwa kazi kiwandani, Maingi alimpa kitambaa chekundu cha kufunga mkononi na kumweka alinde mlango wa maombi. Kule walimwita Mzee Ndung'u, na hakuwa amefika hata thelathini.

Hasira zangu hazijawahi kunikosa, lakini siku hiyo nilizitafuta nikazikosa. Baba hayupo. Nani angenishika mkono?

"Mzee Awale amekukosea nini?" nikamuuliza.

"Hajanikosea."

"Sasa?"

Akainamisha kichwa. "Siku ya kwanza tu, Maingi alinipakulia nyama. Hakuniuliza kama nimefanya kazi."

Nikakumbuka siku moja. Ule ulikuwa mwaka wa njaa, wa kupanga foleni kwa unga wa manjano, na mshahara nyumbani ulikuwa wangu peke yangu. Nyama tuliiona Jumapili tu. Siku hiyo Ndung'u nilimpa mchuzi mtupu, nikasema mbele ya wageni, "Asiyefanya kazi na asile." Watu walicheka. Salad, kijana wa Mzee Awale, alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliona ni utani, tena wa Biblia.

Nikamgeukia Mzee Awale, uso umenishuka. "Mzee, nisamehe. Leo mwache Ndung'u achinje."

Akakifunga kisu chake kwenye gazeti, polepole. "Mbuzi ni wako, mwanangu. Hongera."

Ndung'u alichinja vibaya. Mama Batulo alikula wali mkavu, akasema tumbo linamsumbua, ili nisiaibike. Kaka yangu nilimwekea paja zima. Alikula machozi yakimtoka, halafu akasema nimezidisha chumvi. Kesho yake alinishika mkono hadi madhabahuni, nami nikafurahi, kweli nilifurahi. Nilijiambia nimemrudisha ndugu yangu. Lakini Jumapili iliyofuata alivaa kitambaa chake akaenda kwa Maingi kama kawaida, nikabaki sielewi nilichokuwa nimenunua, wala kwa bei gani.

Miezi miwili baadaye jirani yetu Masinde alikuwa anamwoza binti yake. Masinde si mtu wa Maingi. Kanisani kwenyewe huenda Krismasi. Nilipokwenda kusaidia kuchambua mchele, nikaona kijana mgeni ananawa mikono kando ya mbuzi.

"Mzee Awale mgonjwa?" nikauliza.

"Ah, safari hii hatumwiti," Masinde akasema. "Maneno ya nini? Si hata wewe ulikikataa kisu chake?"

Nilitaka kumweleza. Kwamba sikukikataa. Kwamba ni habari ya mchuzi, na ya kicheko, na ya mkono wa kunipeleka kanisani. 

Nikaacha mchele, nikarudi nyumbani kwa njia ya uani. Mzee Awale alikuwa ameketi mlangoni kwake, amevaa kanzu safi, ananoa kisu. Akaniona, akatabasamu.

"Mwanangu," akaniuliza, "Masinde amesema nifike saa ngapi?"