Mtoto Aliyesubiri Hukumu

Tegueni hiki, huku mkinywa kakao yenu: ana bibi wawili, ana meno mawili, ila miezi mizima hakuwa na jina. Mmeshindwa? Basi nipeni mji niwaeleze.

Ni mjukuu wangu. Alizaliwa siku ya uchaguzi, hapa hapa kisiwani Savaii, Samoa, wino wa kura haujafutika kwenye kidole cha Fuatino, mke wa mwanangu. Mimi nilitaka aitwe Tuilagi, jina la marehemu mume wangu, kwa kuwa wajukuu wote waliotangulia walipewa majina ya watu wengine, na mimi umri unakwenda. Sulufaiga, mama yake Fuatino, alitaka Asomua, jina la baba yake, mzee aliyekuwa na pua kubwa kama gimbi. Yeye chama kipya, mimi chama cha zamani. Tukawekeana ahadi mbele ya mchungaji: chama kitakachounda serikali, bibi wa chama hicho ndiye atakayetoa jina.

Nilicheka moyoni. Chama changu kilikuwa kinatawala tangu nina meno yote.

Kura zikahesabiwa, viti vya bunge vikalingana. Hapo vyama vyote viwili vikakimbilia mahakamani kule Apia, mji mkuu. Huyu alihonga wapiga kura kwa nyama ya kopo, yule kakosea hesabu, mwingine kaapishwa kabla ya saa yake. Leo majaji wanatupatia kiti, kesho wanatunyang'anya.

Tulikuwa tunatarizi foronya ya ubatizo wa mtoto. Chama changu kikipata kiti, natia herufi T kwa uzi mwekundu. Kikipokonywa, Sulufaiga anakuja na mkasi wake mdogo, anafumua, anatia A ya buluu.

"Leo anaitwaje huyu?" ananiuliza, huku anajua vizuri.

Foronya ikatoboka kama wavu. Majirani wakamwita mtoto Yule, naye mchungaji akakataa katakata kumbatiza Yule. Fuatino alikuwa akinyonyesha tu. Siku moja akasema polepole, "Mama, kwa hiyo mimi niliyemzaa sina hata kiti kimoja?" Tukamwambia anyamaze, tunasikiliza redio.

Ijumaa moja redio ikatangaza hukumu ya mwisho. Chama kipya kimeshinda. Sulufaiga alicheza barabarani mpaka mbwa wakakimbia. Mimi nilikwenda jikoni kwenye mawe ya moto, nikalia, nikasema ni moshi. Tuilagi wangu alikuwa amekufa mara ya pili.

Jumapili Sulufaiga aliingia kanisani na kofia nyeupe pana kama paa. Mchungaji akauliza mtoto anaitwa nani. Sulufaiga akafungua kinywa, ila Fuatino akamtangulia.

"Faamasino," akasema. Yaani Jaji.

Kanisa likacheka. Sisi watu wa hapa humpa mtoto jina la jambo lililotokea, kijiji cha pili yupo hata aliyeitwa Kimbunga, lakini hili hakuna aliyelitarajia.

"Mmenisikilizisha redio mpaka maziwa yamenikauka," Fuatino akatuambia. "Aliyemaliza ugomvi wenu ndiye mwenye jina."

Mimi na Sulufaiga tukasimama pamoja kupinga. Tangu siku ya kura hatukuwahi kukubaliana hivyo. Mchungaji alishachovya mkono kwenye maji.

"Mama zangu," akasema, "rufaa pelekeni mbinguni." Akammwagia.

Jioni Sulufaiga akaja na ile foronya, kofia haipo tena. Jina ni refu, akasema, uzi wake hautoshi. Nikaanza mimi na nyekundu, akamalizia yeye na buluu, tukishona juu ya matundu kwa kuwa nafasi nzima haikuwepo.

Siku hizi watu wakitoka, namnong'oneza mtoto sikioni: Tuilagi. Anageuka, anacheka. Nilifurahi sana, mpaka juzi nilipopita nyuma ya pazia nikamsikia Sulufaiga akinong'ona: Asomua.

Mtoto akageuka vile vile, akacheka na meno yale yale mawili.

Huyo hatakuwa jaji. Huyo ni mwanasiasa.