Siku ya Kumtembeza Ng'washi

Ng'washi mwenyewe ndiye aliyeomba tutembee. "Felisita, shosti, naolewa Bariadi na hata mji wenyewe siujui vizuri. Nitembeze siku moja tu." Nikasema moyoni, kumbe Mungu ana masikio. Nikamjibu Ijumaa tunakwenda, na avae vizuri.

Ngoja nieleze, msije mkaniona mbaya bure. Au nioneni tu, sijali. Mimi ndiye niliyekuwa niolewe na Danford wa Somanda. Mambo yalishafika pazuri, mpaka kwao wakatuma watu huku Dutwa kuulizia ukoo wetu, maana kwetu hakuna anayetoa ng'ombe zizini kabla hajauliza. Wakamuuliza rafiki yangu mpenzi. Ng'washi akawaambia kwetu kuna kifafa, mdogo wangu Athanasi huanguka. Athanasi! Mtoto aliyepata degedege mara moja tu, akiwa na malaria, na Ng'washi huyohuyo alikuwepo, anamshika miguu. Uchumba ukafa hapohapo. Danford ndiye aliyenitajia aliyesema. Msimu wa pamba uliofuata nikasikia anamchumbia huyohuyo msemaji, na Ng'washi akaja kwangu na sauti ya msibani: "Mipango ya Mungu, shosti, usinichukie." Hakujua kwamba najua. Nikamkumbatia, na ningeweza kumng'ata sikio.

Jumamosi wazee walikuwa wakutane kupanga mahari. Baba yake, mzee Shija, alikuwa amekaza kweli kwenye ng'ombe, na kila mtu Dutwa alijua binti yake hatoki kirahisi. Sasa kwetu, binti ambaye ng'ombe zake hazijafika hakanyagi kwa mwanaume. Akikanyaga, akala, akashika vyombo vya jikoni, huyo kajipeleka. Baba yake atapokea chochote atakachopewa, na yeye atasemwa mpaka awe bibi. Ng'washi hakuwahi kuiona nyumba ya kina Danford. Mimi niliwahi kuonyeshwa, enzi zangu, tukiwa barabarani.

Asubuhi tulipanda bodaboda mshikaki, Ng'washi katikati, anacheka njia nzima mdomo umejaa vumbi. Tulianzia sokoni. Alijaribu viatu vya mtumba mpaka muuzaji akachoka na sisi. Tukanywa juisi ya miwa, tukapiga picha mbele ya saluni yenye kioo kikubwa, tukawacheka wanaume waliokuwa wanabishana mpira kibandani. Upande wenye duka la Danford la spea nilimkwepesha, nikasema kuna matope. Jamani, ilikuwa siku nzuri. Alinishika mkono kama tulivyokuwa tukishikana tukienda kuchota maji, na kuna wakati nilicheka kweli, nikasahau. Halafu akasema, "Danford hapendi viatu virefu," na nikakumbuka vizuri sana.

"Njaa inaniuma," akasema jua lilipokuwa utosini.

"Shangazi yangu anakaa Somanda. Twende tukale."

Getini nilimwambia asubiri kidogo nikapige hodi. Nikaingia, nikamkuta mama Danford anachambua mchele uani. Hakuwahi kuniona hata siku moja. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mtoto kwa mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone. Karibu."

"Nimekuletea mkweo, Ng'washi wa mzee Shija. Kashindwa kungoja, ila ana haya. Usimwambie neno mpaka amalize kula."

Mama wa watu aliweka ungo chini. Nilimwona anawaza ng'ombe zitakazobaki zizini kwake, uso ukamchanua. Akaniambia kwa kunong'ona nimwite haraka, kabla hajabadili mawazo.

Basi Ng'washi akaingia, akapiga magoti, akasalimia vizuri. Akaletewa ugali, mlenda na maziwa mgando. Mimi nilisema tumbo linanisokota. Yeye alikula, tena kwa raha, anamsifia mama mapishi. Kula, mama, nikawa nasema moyoni. Ongeza na tonge lingine. Nilikumbuka mama yangu alivyolia siku wale watu waliporudi kwao bila kuaga, na Athanasi alivyoniuliza kama yeye ndiye aliyekosea. Sikumwonea huruma hata chembe. Alipomaliza akakusanya vyombo bila kuambiwa, maana kalelewa, akachota maji pipani, akaanza kuosha.

Sufuria ilikuwa bado mkononi mwake mama Danford alipopiga kigelegele. Majirani wakachungulia ukutani.

"Mwali kaja mwenyewe! Jamani, mkwe wangu kaja kwa miguu yake!"

Ng'washi akacheka, akadhani ni utani. Halafu mama akachukua simu. "Danford, funga duka, njoo nyumbani. Mkeo amefika."

Sufuria ikamponyoka. Akanitazama mimi, si yule mama.

"Felisita, hapa ni kwa nani?"

"Kwa wale uliowaambia mdogo wangu ana kifafa."

Hakujitetea. Nilikuwa nimejiandaa akane, nimvue nguo kwa maneno mbele ya majirani. Machozi yalimshuka, akasema taratibu, "Nilimtaka, Felisita. Nilimtaka kabla yako, na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo umempata. Bure kabisa."

Nikageuka niondoke. Mpango wangu ulikuwa niwaachie wao watume mtu wa kwenda kwa mzee Shija. Mama Danford akanishika kiwiko. "Unakwenda wapi? Wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye utakayemwambia baba yake." Akanitupia kitenge kipya begani, shukrani ya msindikizaji, na majirani wakapiga vigelegele tena. Ng'washi alishavalishwa cha kwake. Alikuwa bado analia, lakini alikuwa ameketishwa kwenye mkeka wa ndani, na wanawake wamemzunguka wanamfuta mikono.

Danford akaingia na mafuta ya pikipiki vidoleni. Alimwona yeye, kisha mimi, na rangi ya aibu ikampita usoni. Ikapita tu. Akanyoosha mkono.

"Asante, shemeji."

Shemeji! Mimi! Nilimpa ncha za vidole.

Dutwa nilimkuta mzee Shija anarekebisha zizi la ng'ombe ambazo alidhani zinakuja. Nilimwambia yote bila kupunguza: kwamba alikwenda, kwamba alikula, kwamba aliosha vyombo. Njia nzima nilikuwa nangojea kumwona akiumia kama baba yangu alivyoumia, na aliumia. Alikaa chini palepale penye miiba. Ndani mkewe akaanza kulia kwa sauti. Nikashiba.

Baadaye mzee akainua kichwa.

"Walimpokea vizuri?"

"Walimpigia vigelegele, baba."

"Na kijana alikuwepo?"

"Alikuja. Alifunga duka."

Akajipangusa mikono kwenye suruali, polepole. "Basi ameolewa," akasema. "Si nilivyotaka, lakini ameolewa." Akakitazama kile kitenge begani mwangu, kisha mimi, bila ubaya wowote, kama mzazi anavyomuuliza mtoto wa jirani. "Na wewe je, mwanangu? Wewe ni lini?"

Nikamwambia nimechoka, nakwenda kulala. Jua lilikuwa bado juu.